Nilipokuwa Mtazama Hali

Mmeniuliza nani astahiki msaada wa masomo, aliyefaulu au asiyenacho, na mmeniuliza kwa sauti ya watu walioanza kugombana njiani. Nimewaona mlivyoingia. Mmoja kakaa huku, mwengine kakaa kule, na sahani ya kashata katikati hakuna aliyeigusa. Kuleni kwanza. Jawabu mimi sina. Kazi hiyo nimeifanya tangu miaka ya vita kuu ya pili mpaka nikapumzishwa, na jawabu sina. Nina habari tu. Mkizitaka habari, karibuni. Mkitaka jawabu, nendeni kwa hao wanaoandika magazetini, wao wanalo kila siku.

Kazi yenyewe haikuwa na jina la kiofisi. Sisi Chake Chake tukiiita kutazama hali, na mimi nikiitwa mtazama hali. Wakati ule skuli za hapa Pemba hazikufika mbali. Msichana akimaliza darasa zetu na akataka kuwa mwalimu, lazima avuke bahari akakae bweni kwenye chuo cha Unguja. Palikuwa na kamati ya kuwasaidia, na misaada yake ilikuwa miwili. Mmoja ukiitwa msaada wa kufuzu: wanaupata wawili walioongoza mtihani, unawalipia ada ya masomo, basi, haupindukii hapo. Wa pili ukiitwa msaada wa hali: anaupata aliyefaulu lakini kwao hawajiwezi, na huo unalipia kila kitu, ada, chakula, kitanda, sare, nauli ya meli. Kanuni ikasema mtu hapati yote miwili. Ukiushika wa kufuzu, wa hali umekupita.

Mnaona tundu lilipo? Hongereni, nyinyi mmesoma. Sisi tulikuwa hatulioni. Tuliiona kanuni nzuri, inagawa huku na inagawa kule, kila upande umeridhika.

Mimi nilikuwa mwalimu wa skuli ya wasichana, nakaa Tibirinzi kwa mjomba wangu, na kamati ilinichukua kwa sababu moja tu: mwanamke anaweza kuingia jikoni. Msifikiri ni elimu yangu. Kabla yangu kazi ilikuwa ya Mwalimu Hamad, Mungu amrehemu, mtu mwema sana, mnene, kofia yake haikukaa sawa hata siku ya Idi. Yeye, mwanamume mgeni, akifika kwa watu anakaribishwa barazani. Anatandikiwa mkeka mpya, analetewa chakula kwenye sinia la shaba, anakula, anafuta mdomo, anarudi Chake na kuiambia kamati: hali yao nzuri, wana sinia la shaba limebonyea ukingoni. Kesho yake nyumba ya pili: hali nzuri, wana sinia la shaba limebonyea ukingoni. Keshokutwa vile vile. Mpaka mwenyekiti wa kamati, Mzungu mkaguzi wa skuli, akamwuliza: "Mwalimu Hamad, hiki kijiji masinia yao yote yalianguka siku moja?"

Kumbe sinia ni moja. Mwalimu Hamad akiaga mlango wa mbele, sinia linatoka mlango wa uani linakwenda kumsubiri nyumba nyengine. Kala wali kijiji kizima, na moyo wake mweupe, hajui.

Chekeni, lakini msicheke sana, maana ndio sisi. Mpemba hamwachi jirani yake akaaibika mbele ya mgeni. Ikisikika kwamba fulani anakuja kutazamwa, huyu analeta mkeka, huyu analeta mto, huyu analeta kuku. Hakuna aliyeomba na hakuna anayeshukuriwa, maana kesho itakuwa zamu ya nyumba yake. Tunaita kusitiriana, na mimi nimelelewa humo. Sasa chukua watu wa namna hiyo, halafu umpeleke mtu mwenye kalamu akawahesabie vyungu! Walioipanga kazi ile walifikiri kwamba maskini atajionyesha, kwa kuwa anataka msaada. Subutu! Maskini wa Kipemba unapomwendea ndipo anapokuwa tajiri, na jirani zake wote wanamsaidia kutajirika mpaka uondoke.

Na usithubutu kukataa chakula. Mwalimu Hamad alikwenda Fundo siku moja, kule kisiwani mbele ya Wete, tumbo lake likawa baya kwa ajili ya chombo kilichomyumbisha njia nzima. Wakamletea changu wa kupaka. Akasema ahsanteni, sitaweza. Wakaiondoa sahani taratibu. Lakini baadaye kamati ikitangaza mtihani, Fundo haileti mtoto. Ukiwauliza, wanasema watoto wao wanaumwa. Watoto wa Fundo waliumwa miaka, mpaka mzee mmoja wa kule akanitobolea mimi: "Bi Mwalimu, yule bwana wenu alikiona chakula chetu kichafu." Nikamweleza habari ya tumbo. Akacheka mpaka akashika ukuta, na mwaka ule watoto wa Fundo wakapona.

Mwalimu Hamad ndiye aliyenifunza, na alinifunza vizuri kwa mtu ambaye mwenyewe hakufaulu. Alinambia: usiulize wana nini, omba maji. Nikamwuliza kwa nini maji. Akasema, mimi nimeshindwa kwa sababu nikikaa nikasubiri nikaletewa. Wewe unaingia ndani, basi omba maji, na usikilize. Alisema kweli. Nyumba inayojiweza, kikombe kipo na maji yamekuja. Nyumba iliyoazima, utasikia mlango wa uani unalia, watoto wanakimbia, mtu ananong'ona nyuma ya makuti. Mimi mwenyewe nikaongeza yangu. Nikitazama kifuniko cha birika. Mwenye birika lake anakijua kifuniko chake, anakishika kwa kidole bila ya kukitazama. Aliyeazima, kifuniko kinamwangukia kikombeni na anaruka. Nikitazama mbuzi ya kukunia nazi. Mtu hapotezi mbuzi yake ndani ya jiko lake mwenyewe. Ukimwona mama mwenye nyumba anazunguka anauliza "mbuzi mmeiweka wapi?", basi umeshajua, na huna haja ya kuuliza neno jengine.

Matajiri nao walikuwa na mchezo wao, kinyume chake. Palikuwa na Bwana Nassor mmoja, mwenye mikarafuu nje ya Wete, binti yake hodari, kichwa chake chepesi. Mwaka mmoja bwana huyu akasikia kwamba msaada wa hali unalipia kila kitu. Akaniita nikamtazame. Nimefika, namkuta barazani na kanzu imechanika kwapani, kakalia jamvi kuukuu, anakohoa. Ukuta wote mtupu, isipokuwa mahali pamoja pameachwa alama nyeupe ya mviringo juu ya mlango. Tukazungumza habari za dunia ilivyokuwa ngumu, nguo hazipatikani kwa sababu ya vita, karafuu hazina bei. Mara saa ikalia nyumba ya jirani, ng'aa, ng'aa, na Bwana Nassor bila ya kufikiri akainua macho pale kwenye alama nyeupe, akasema, "Lo, adhuhuri hii!" Halafu akanitazama. Na mimi nikamtazama. Akaanza tena kukohoa. Nikamwambia pole kwa kifua, nikanywa kahawa yake, iliyokuwa na iliki ya kutosha harusi, nikaondoka. Tuliheshimiana mpaka alipokufa.

Mwaka huo huo wa saa ya Bwana Nassor ndio mwaka wa Riziki, na Riziki ndiye niliyetaka kuwaambia habari zake. Mengine yote ni kashata.

Riziki alikuwa mtoto wa Kiuyu, kaskazini huko, baba yake alikufa mapema, mama yake, Bi Mize, akimlea kwa makumbi. Mnayajua makumbi? Maganda ya nazi. Unayafukia pwani yaoze, unayafukua, unayapiga kwa rungu mpaka yatoe usumba, unausokota kamba. Mikono ya wanaopiga makumbi huwezi kuisahau ukishapewa. Mtoto mwenyewe mwembamba, kimya, lakini ukiweka karatasi mbele yako yeye aliyekaa upande wa pili keshaisoma juu chini. Mtihani ulipotoka, wa kwanza Pemba nzima, Riziki. Wa pili, binti wa Bwana Nassor. Basi wote wawili, kwa kanuni, wakapewa msaada wa kufuzu, na majina yakasomwa kiwanjani mbele ya skuli kama ilivyokuwa desturi: fulani, kwa kufuzu, fulani, kwa hali. Kila mtu anasikia nani kapata kipi.

Tukapiga makofi. Mimi nililia, siwafichi. Halafu zikaja habari kutoka Kiuyu kwamba Riziki haendi.

Mkaguzi alikasirika, akadhani wanataka kumwoza. Nikamwambia ngoja. Nikakaa nikalifikiri jambo, na hapo ndipo nilipoliona lile tundu. Riziki kalipiwa ada. Chakula cha bweni nani atamlipia? Kitanda je? Sare? Nauli? Bi Mize apige makumbi ya Pemba nzima hayatoshi. Angekuwa mtoto yule yule, kwao pale pale, lakini akashika nafasi ya tano, angepata msaada wa hali na angekwenda raha mustarehe. Kosa lake Riziki ni kuwa wa kwanza.

Mkaguzi akasema ni jambo jepesi: mtoto auache msaada wa kufuzu, aombe wa hali, jina lake lisomwe upya, na mimi niende nikatazame nyumba yao ili kamati ipate sababu. Meli ya wanafunzi ilikuwa karibu kuondoka. Nikamchukua mjomba, nikaenda Kiuyu.

Nilifika bila ya kutoa habari, nikijiona mjanja. Nimepiga hodi, Bi Mize kanijibu karibu, lakini karibu yenyewe ilikuwa ndefu: karibu, karibu Bi Mwalimu, karibu upumzike hapo kivulini kwanza, jua kali. Nikapumzika. Mlango wa uani ukalia. Ukalia tena. Watoto wakakimbia. Mjomba barazani kaanza kupewa habari za ng'ombe na wazee waliotokea sijui wapi. Nilipoingia ndani nikakuta mkeka mpya wenye rangi, mto wa pamba, birika, na kuku tayari anachunwa manyoya. Niliomba maji kwa mazoea tu. Sikuwa na haja nayo.

Bi Mize alikuwa mwanamke mrefu, amesimama wima, kanga yake imefuliwa mpaka maua yake yamepauka. Alipika, mimi nimekaa naye jikoni. Ikafika pahala pa kukuna nazi. Akageuka kulia, akageuka kushoto. Mbuzi haioni. Nikatazama pembeni, nikajifanya natoa mwiba kwenye buibui, mpaka mtoto wa jirani akaingia nayo mbio na kuitia chini ya meza ya vyungu. "Ah, hii hapa," akasema Bi Mize. "Hii hapa," nikasema na mimi.

Tukala. Yule kuku najua alikuwa wa mtu aliyemtaka atage, na nikamla, kwa sababu kumwacha ni kumwambia mwenye nyumba nimekuona. Nililamba mpaka vidole. Bi Mize hakugusa nyama, akinisogezea mimi tu.

"Umeshiba?" akaniuliza.

"Nimeshiba, alhamdulillahi."

"Basi kaandike hivyo."

Nikaweka mkono chini. "Bi Mize, nikiandika hivyo, Riziki haendi."

"Aliongoza, hakuongoza?"

"Kaongoza."

"Pemba nzima?"

"Pemba nzima, wallahi."

"Sasa weye waniambia ntoto kawashinda wote, watoto wa wenye mikarafuu, watoto wa mjini, halafu nimpeleke kwa mlango wa mafukara? Asomwe kiwanjani, Riziki binti wa Mize, kwa hali? Miye tokea kafa baba yake sijagonga mlango wa ntu. Sijagonga! Leo ndio nikagonge, siku kichwa chake kilipomtukuza?"

"Si aibu, Bi Mize. Wengi wanapata."

"Kwako weye si aibu. Weye hutoishi hapa." Kisha akafunika chungu. "Nataka aende. Mungu ajua nnavyotaka. Lakini kwa jina hilo, abaki nami apige makumbi."

Niliona uchungu ambao hata leo ukinijia huniharibia chai. Yule mama hakuwa na kiburi, msimwelewe vibaya. Hicho ndicho kitu pekee alichokuwa nacho ambacho hakukiazima.

Riziki alileta maji ya kuniosha mikono. Muda wote alikuwa nyuma ya pazia, kasikia kila neno. Akainama, akanimiminia. Akasema kwa sauti ndogo kabisa, mama yake asisikie: "Bi Mwalimu, mimi nataka kwenda." Basi. Akachukua bakuli akatoka.

Mjomba njia nzima ya kurudi ananisifia wazee wa Kiuyu walivyo wakarimu. Nikamwambia nyamaza.

Kamati ilikutana Chake. Walikuwa watatu, na mimi wa kutoa habari. Yule mkaguzi, mwenyekiti. Shehe mmoja mzee wa mjini, mtu wa masihara lakini anapima maneno. Na Bwana Jiwan, Mhindi mwenye duka la nguo na vyakula, aliyekuwa akichangia sehemu kubwa ya zile fedha. Watatu hawa hawajawahi kupatana hata juu ya dirisha lifunguliwe au lifungwe. Shehe siku zote upande wa maskini: hii ni sadaka, na sadaka ina wenyewe, tajiri haingii. Bwana Jiwan siku zote upande wa kufuzu: mimi natoa ili Pemba ipate walimu hodari, mkinipelekea mtoto mzito kwa kuwa mama yake analia, mtoto atarudi mzito vile vile. Mkaguzi siku zote upande wa kanuni. Na mimi nawaambia ukweli wangu, kila mmoja akizungumza nikimwona ana haki, mpaka aanze mwengine.

"Haya, Bi Mwalimu," mkaguzi akasema. "Hali ya nyumba ya Riziki?"

Nikisema duni, nimemvua nguo Bi Mize mbele ya wanaume watatu, na mmoja wao ana ndugu Kiuyu. Nikisema nzuri, nimemfungia mtoto. Nikasema: "Nimekula kuku."

Mkaguzi akaandika. "Basi wana uwezo."

Shehe akanitazama chini ya kilemba chake. "Kuku wa nani, Bi Mwalimu?"

"Sikumwuliza jina lake, Shehe."

Bwana Jiwan akacheka kwanza, maana yeye ndiye aliyekuwa akiwauzia watu wa kaskazini, akijua nani ananunua nini. Mkaguzi akataka aelezwe. Ikachukua muda kumweleza, kwa sababu alikuwa akiamini kwamba mtu akiwa maskini atasema, na asiposema si maskini. Mwisho akaweka kalamu chini. Akauliza kama ndivyo, kwa nini mama haombi.

Nikamwambia: "Bwana, msaada haukatai. Anakataa jina la msaada. Mwiteni mtoto wa kufuzu, mpeni anachopewa wa hali, watakuja wote wawili gatini wanakimbia."

"Hiyo ni kudanganya."

"Kudanganya kwa nini?" Shehe akasema. "Hao mnaowaita wa hali, mtihani hawakufaulu? Wamefaulu. Basi wote wamefuzu. Waite wote hivyo. Dini imetufunza kutoa kwa siri, sisi tunatoa kwa tarumbeta, halafu tunashangaa watu wanakimbia."

Bwana Jiwan akatikisa kichwa kukubali, na nakwambieni hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Akasema dukani kwake anayenunua gunia zima la mchele na anayenunua robo ya ratili ya sukari, karatasi ya kufungia ni moja. Yeye na mwenzake wa mizani ndio wanaojua mna nini ndani. Watu wa njiani wanaona karatasi tu.

Mkaguzi hakuwa mtu mjinga. Alishika pale panapouma. "Fedha ni zile zile," akasema. "Riziki akila na akilala kwa fedha za kamati, atapungukiwa nani?"

Jawabu lilikuwa mbele yetu: binti wa Bwana Nassor. Ada yake ndiyo itakayomlisha Riziki. Yeye atabaki na jina la kufuzu, na baba yake atatoa mfukoni. Na yule binti alikuwa amekosa nini? Alikesha akasoma. Alishinda kwa kichwa chake, si kwa mikarafuu ya baba yake. Bwana Jiwan akalisema hilo, na sauti yake haikuwa ya ubishi. Nyinyi mliokuja kwangu mmegombana, hapo ndipo pa kugombania, na mkinisubiri nikupeni mshindi mtakaa mpaka alfajiri. Sisi tulipiga kura kwa kuinua mikono, mkono wa mkaguzi ukawa wa mwisho, ukaenda juu polepole. Tangu mwaka ule jina likawa moja, kufuzu, likasomwa kiwanjani kwa wote. Nani analipiwa nini, wanajua kamati na mama mlezi wa bweni kule Unguja.

Bwana Nassor alikuja kunifokea Tibirinzi, kanzu nzima safari hii. "Kufuzu gani huku, Bi Mwalimu, na nalipa mwenyewe?" Nikamwambia jina la binti yako limesomwa mbele ya watu wote. Akafikiri. Akasema limesomwa la pili. Nikamwambia la pili. Akaondoka ananung'unika, lakini binti alimpeleka, na hata sare alimshonea kwa fundi bora. Yule binti alikuja kuwa mwalimu mkuu. Akinisalimia, hunisalimia vizuri tu; kama ana kinyongo, amekifunga vyema.

Mimi nikarudi Kiuyu kabla ya meli. Bi Mize alikuwa uani anapiga makumbi, na Riziki amekaa karibu yake anasokota. Aliponiona hakusimama. Rungu likabaki juu.

"Kapata upi?" akaniuliza.

"Wa kufuzu."

"Na chakula?"

"Mumo humo."

"Na kulala?"

"Mumo humo, Bi Mize. Na nauli, na nguo. Aliyefuzu analipiwa."

"Na jina lasomekaje?"

"Riziki, kwa kufuzu. La kwanza kabisa."

Aliweka rungu chini taratibu, akajifuta mikono, akatazama kama anatafuta mtu wa kumwambia. Halafu akatoka nje ya ua, akapiga kigelegele ambacho sikudhani kifua kile kilikuwa nacho. Wanawake wakatoka majumbani, mmoja na unga mikononi, mmoja kanga nusu. "Riziki wangu kafuzu!" akipiga ukelele. "Kwa kichwa chake! Chakula, kulala, kila kitu, kwa kichwa chake!" Wakamshika, wakamzungusha, na yeye anacheza, mjane yule, mchana kweupe, anacheza na analia.

Riziki alikuwa bado amekaa pale pale, usumba mapajani. Hakucheza. Alikuwa akinitazama kwa yale macho yake.

"Bi Mwalimu," akasema. "Binti wa Bwana Nassor, yule wa pili. Naye chakula mumo humo?"

Nikaokota rungu la mama yake, nikaliweka tena. Akanisoma usoni kama alivyokuwa akisoma karatasi za watu. Akageuza macho kumtazama mama yake kule nje katikati ya wenzake.

"Tusimwambie," akasema.

Akaweka usumba chini, akajifunga kanga, akatoka akaingia katikati ya wale wanawake, akacheka kwa sauti kuliko wote.